Betri Imerudi Dukani: Jibu kwa Muuza Sola wa Sengerema

Swali: Nina duka la vifaa vya sola hapa Sengerema. Nauza paneli, betri, inveta, taa na nyaya. Shida yangu ni wateja wanaorudi wakidai betri ni feki. Majuzi amekuja mwalimu aliyenunua kwangu paneli ya wati 100, betri ya ampea-saa (Ah) 100 na inveta. Anasema wiki ya kwanza mambo yalikuwa mazuri, sasa ni mwezi wa tano na umeme unakata saa tatu usiku. Amenifokea mbele ya watu, anataka betri mpya. Msambazaji wangu wa Mwanza mjini amekataa kuibadilisha. Nina bango ukutani, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi", lakini watu hawalijali. Na jirani yangu anauza vitu vilevile kwa bei ya chini. Nifanyeje nibaki na wateja bila kufilisika? Hiyo thamani ya ziada tunayoambiwa kwenye semina niiongeze wapi, wakati mimi na jirani tunachukua mzigo kwa msambazaji mmoja? Na je, niingize betri za lithiamu?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na mwalimu, kwa sababu ndani ya kisa chake mna majibu ya karibu maswali yako yote. Kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani kama betri ile ilikuwa feki. Mwalimu naye hasemi uongo. Mfumo uliomuuzia ulikuwa mdogo kuliko matumizi yake, na betri imekufa kwa njaa.

Hukuniambia anawasha nini nyumbani, na nina wasiwasi kwamba hata wewe hukumuuliza siku ile. Basi tuchukue nyumba ya kawaida. Taa nne za wati 5 zikiwaka kwa muda wa saa tano kila jioni ni wati-saa 100. Taa moja ya nje ya wati 5 usiku kucha, saa 12, ni 60. Televisheni ya inchi 32 inayokula kama wati 45, kwa saa tano, ni 225. King'amuzi cha wati 12 kwa saa hizohizo ni 60. Simu tatu, tuseme 30. Jumla ni wati-saa 475. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, nayo ina sehemu yake inayoila, na ukiweka upotevu wa asilimia 15, betri inatakiwa kutoa karibu 560 kila siku.

Njoo sasa kwenye paneli. Kanda ya Ziwa jua lipo la kutosha, tuhesabu sawa na saa tano za jua kali kwa siku. Wati 100 mara saa 5 ni 500, lakini joto, vumbi, nyaya na betri yenyewe vinapunguza, kwa hiyo fundi makini huchukua asilimia 70 tu. Inabaki 350. Nyumba inakula 560, kinachoingia ni 350, na pengo ni 210 kila siku ya Mungu.

Betri ya volti 12 na Ah 100, ikiwa mpya na imejaa, ina wati-saa 1,200. Siku ya kwanza inapungukiwa 210, ya pili 420, ya tatu 630, na hapo umeshavuka nusu, mahali ambapo betri ya risasi kama hii, yaani yenye sahani za madini ya risasi, haitakiwi kuvuka mara kwa mara. Kufika siku ya sita, kwenye karatasi hakuna kilichobaki. Ndiyo maana wiki ya kwanza ilikuwa nzuri. Walikuwa wanakula akiba iliyokuja na betri kutoka dukani kwako. Kuanzia hapo kila jioni wanaanza na kile tu jua limeleta mchana, na volti zikishuka hadi karibu 10.5 inveta inalia kisha inakata. Saa tatu usiku, kama alivyosema. Halafu betri ya risasi ikikaa siku nyingi bila kujaa, kwenye sahani zake hujengeka sulfeti, aina ya chumvi, na ikikomaa haiyeyuki tena. Uwezo unapungua wiki hadi wiki. Miezi mitano inatosha kabisa kuimaliza betri nzima isiyo na kasoro yoyote ya kiwandani. Nyumba kama hiyo ilihitaji paneli za wati 160 kwa uchache, na mbili za wati 100 zingeipa nafasi ya kupumua siku za mawingu.

Kwa hiyo ugomvi wa majuzi ulianza miezi mitano iliyopita, pale alipouliza bei nawe ukampa bei. Malalamiko mengi katika biashara hii huzaliwa siku ya kuuza. Ukilishika hilo, utaona pia mahali pa kuongeza thamani, na nitafika huko. Kwanza mwalimu, maana anasubiri.

Mpigie simu leo, usingoje arudi. Mtu aliyefoka mbele ya watu mara nyingi anaona aibu kurudi, naye akinyamaza ndipo unapompoteza, pamoja na walimu wenzake wote wa shule ile. Akija, mpe kiti. "Pole, mwalimu. Hebu nieleze tangu siku ya kwanza ilikuwaje." Kisha nyamaza uandike kwenye daftari huku akikuona unaandika. Usimkatize hata akitaja jambo usilokubaliana nalo. Mtu anaposimulia kuanzia mwanzo, hasira hupungua yenyewe, na ndani ya maelezo yake utapata habari ambazo maswali yako yasingezitoa: kwamba shemeji amekuja kuishi nao, kwamba wamenunua sabufa, kwamba mwembe wa jirani umekua.

Maneno unayochagua yana uzito. Ukiuliza, "Mmeongeza vitu gani?" umeshamshtaki. Uliza, "Jioni huwa mnawasha nini na nini?" Habari ni ileile, lakini mtu anajibu akiwa ametulia. Na kamwe usianze na "umeitumia vibaya", hata kama ni kweli. Huyu ni mzazi ambaye watoto wake wamekuwa wakisoma kwa tochi ya simu, na amekuja kwako akiwa na fedha yake ndani ya kitu kisichowaka. Mwambie utakwenda kwake kupima, taja siku na saa, na gharama ya bodaboda iwe yako. Ukifika muda ulioahidi kumpa jibu na jibu bado huna, piga simu umwambie bado. Wafanyabiashara wengi hujificha wakati huo, na kule kujificha kunamuudhi mteja kuliko ubovu wenyewe.

Nyumbani kwake beba mita ya kupimia volti na taa ya mbele ya gari, ile ya volti 12 na wati 55. Kabla ya kugusa betri, panda juu uangalie paneli. Seli zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo kivuli cha tawi moja au cha nguzo ya antena kinaweza kupunguza umeme wa paneli nzima kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Sisi tulio karibu na ikweta tunaweza karibu kuilaza paneli, lakini ikilala kabisa vumbi na maji vinakaa juu yake. Iinamishe nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini, mvua itakuwa inakuoshea.

Halafu fuata nyaya. Hapa nataka ukae kidogo, maana nyaya zinalaumiwa mara chache na zinaharibu mengi. Chukua waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, umbali wa mita 10, mkondo wa ampea 10. Kwenda na kurudi ni mita 20, na volti zinazopotea njiani ni kama 2.4. Kwenye umeme wa volti 230 hilo si kitu, lakini kwenye mfumo wa volti 12 umepoteza sehemu ya tano. Ukitumia waya wa milimita 6 za mraba kwa umbali uleule, hasara inashuka hadi kama volti 0.6. Mteja anayenunua kwako paneli na betri, kisha fundi wa mtaani akamfungia kwa waya wa taa za ndani, atarudi kwako wewe. Fundi hatamfuata.

Ndipo uje kwenye betri. Iondolee matumizi yote, iache ichajiwe hadi ijae, hata ikichukua siku mbili tatu, kisha ipumzike saa kadhaa bila chochote. Betri nzima ya risasi itasoma volti 12.6 au 12.7. Baada ya hapo iunganishe na ile taa ya wati 55 na uandike saa. Betri ya Ah 100 yenye afya inaweza kuibeba taa hiyo karibu saa 10 na bado ikabaki na nusu. Ikizimika ndani ya saa tatu, uwezo umekwisha, na mwalimu ataona kwa macho yake bila wewe kumhubiria. Kama ni betri ya maji, angalia kimo cha maji kabla ya kuchaji, ongeza maji ya betri peke yake, na kazi hiyo ifanyike penye hewa mbali na moto, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni.

Tuseme imekufa kweli. Nani alipe? Kanuni ninayoitumia ni hii: kile ambacho mteja angelipa tangu mwanzo kama ungemshauri vizuri, alipe yeye, kile kilichoharibika kwa sababu hakushauriwa, ubebe wewe. Paneli ya pili ni yake, kwa sababu hata siku ile angeinunua. Betri ina mjadala. Imemtumikia miezi mitano, na betri ya aina hiyo ikitunzwa ingemtumikia miaka miwili au mitatu. Basi hesabuni pamoja: miezi iliyotumika iwe juu yake, iliyobaki juu yako, kwa bei uliyonunulia wewe na si bei ya kuuzia. Ile ya zamani ichukue, wanunuzi wa chakavu wanalipia risasi. Paneli mruhusu alipe mwisho wa mwezi mshahara ukitoka, kazi ya kufunga usimtoze. Itakuuma, sikatai. Lakini linganisha na gharama ya kumpa betri mpya bure bila kugusa paneli: baada ya miezi mitano mingine angerudi tena na betri nyingine iliyokufa, na safari hiyo mngekosana moja kwa moja.

Kama vipimo vinaonyesha mteja mwenyewe ndiye amevunja masharti, kwa mfano amefungia pasi ya wati 1,000 kwenye inveta ya wati 300, mwambie hivyo kwa upole, muonyeshe vipimo, na usimlipe. Kulipa kila anayepiga kelele kunawafundisha watu kupiga kelele, na mteja mstaarabu aliyekaa kimya anabaki kuwa mjinga wako. Hata hivyo, katika kukataa, mpe njia ya kutoka: bei ya matengenezo, au inveta kubwa kwa faida ndogo.

Bango lako liondoe. Nasema hivyo kwa sababu mbili, na ya kwanza ni sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kitu kifanye, akaonyesha kwamba anategemea ujuzi wa muuzaji, na muuzaji huyo ndiyo biashara yake kuuza vitu vya aina hiyo, basi kitu hicho kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Mwalimu akisema, "Nataka kuwasha TV na taa," nawe ukamchagulia vifaa, umeingia kwenye wajibu huo. Juu yake iko Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, yenye kazi ya kumlinda mlaji pia. Karatasi iliyobandikwa ukutani haikutoi huko. Sababu ya pili ni ya kibiashara: bango lile linamwambia kila anayeingia kwamba tatizo likitokea atakuwa peke yake. Katika bidhaa ambayo mtu anaogopa kuuziwa feki, hilo ni neno ambalo hungependa kabisa alisome kabla hajatoa fedha. Weka karatasi ndogo inayoeleza nini kinarudishwa, ndani ya muda gani, na kwa ushahidi gani.

Sasa msambazaji. Amekataa, nami namuelewa, kwa sababu huna cha kumuonyesha. Anza leo daftari la mauzo lenye namba ya betri, tarehe, namba ya risiti ya EFD, orodha ya vitu mteja alivyosema atawasha, na volti za betri siku ilipotoka dukani. Hiyo volti ya siku ya kutoka ni muhimu kuliko unavyodhani. Betri ya risasi inajimaliza taratibu hata ikiwa imekaa tu, na ikikaa rafuni miezi mingi bila kuchajiwa, sulfeti inaanza humohumo dukani. Nimekuta maduka yanayopanga betri vizuri, zinang'aa, na mita ikisoma 12.2. Mteja wa betri hiyo akija kusema ameuziwa kitu kibovu, ana haki kabisa, ingawa mharibifu si kiwanda. Pima mzigo wako kila mwezi. Chochote kilichoshuka chini ya 12.4 kichaji siku hiyohiyo, na mzigo ukishuka kwenye gari pima palepale kabla hujasaini. Ukimpelekea msambazaji vipimo vya siku ya kupokea, mazungumzo yenu yatabadilika.

Feki zipo pia, nisije nikaonekana nawatetea wenye viwanda. Kwenye paneli una njia rahisi ya kuzinasa. Jua kali la mchana linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri inageuza karibu asilimia 20 kuwa umeme. Kwa hiyo mita moja ya mraba inatoa wati 200 hivi. Paneli yenye urefu wa sentimita 75 na upana wa 40 ni mita za mraba 0.3, haiwezi kuzidi wati 60 au 70, hata kama karatasi ya nyuma imeandikwa 150. Tundika futi ya fundi kaunta, na mbele ya mteja pima paneli yako kisha mwambie akapime na ya kwingine. Hutahitaji kumsema jirani yako vibaya.

Hapo tumeshaingia kwenye swali la thamani ya ziada. Wenye semina huizungumzia kwa maneno makubwa, lakini kwako wewe imekaa mahali pamoja: mteja hahitaji betri, anahitaji TV iwake hadi taarifa ya habari iishe na taa ya nje ifike asubuhi. Betri ni ileile kwako na kwa jirani. Uhakika wa kufika asubuhi jirani hauuzi. Basi uza huo. Tengeneza karatasi ya matumizi, ukurasa mmoja, na usimpe mtu yeyote bei ya mfumo kabla hamjaijaza pamoja. Inachukua dakika kumi. Ikionekana fedha yake haitoshi kwa anachotaka, mwambie palepale: "Kwa fedha hii utawasha taa na simu, TV ije baadaye." Wengine wataondoka. Wachache kati ya hao watarudi wakiwa wameshaunguzwa kwingine, na wakirudi hawatabishana na bei.

Kuhusu bei, hutashinda kwa kushusha. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Sengerema anafika Mwanza mjini bila kusubiri kivuko, na huko kuna maduka ya jumla ambayo wewe na jirani yako hamuwezi kuyafikia kwa bei. Unachoweza ni kuwa karibu. Mwenye duka la mjini hawezi kupanda juu ya bati la mtu wa Nyampande siku ya tatu baada ya kuuza. Kwa hiyo kwenye risiti tenganisha: bei ya vifaa iwe ya ushindani, na kazi ya hesabu, kufunga na ukaguzi iandikwe mstari wake na bei yake. Ukiificha ndani ya bei ya betri, mteja anaona betri yako ghali. Ukiiandika, anaona anachonunua, na asiyeitaka ataikataa akijua alichokikataa. Ndani ya mstari huo weka simu mbili: moja baada ya wiki, nyingine baada ya mwezi. Simu ya wiki ndiyo ingemuokoa mwalimu. Angekwambia, "Jana imekata saa nne," nawe ungejua kuna pengo kabla betri haijaumia.

Angalia pia aina za wateja ulio nao, maana shida zao hazifanani. Una wavuvi wa dagaa upande wa ziwa, ambao wengi wameacha karabai na sasa wanatumia taa za betri. Wanavua usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika siku kadhaa. Mara nyingi betri inarudishwa nyumbani ikiwa tupu baada ya usiku wa mwisho wa giza, inakaa hivyo mapumziko yote, na kila mwezi inapoteza kidogo. Hao ukiwafungulia huduma ya kuchaji kwa bei ndogo, na ukawaambia wailete siku wanayopandisha mtumbwi, umewaongezea maisha ya betri na umepata mapato yanayokuja kila mwezi. Utaona pia hali ya betri zao kabla hazijafa, kwa hiyo utajua nani atahitaji nyingine lini, nawe utaagiza mzigo kwa hesabu badala ya kubahatisha.

Kwa wenye kipato cha msimu, fikiria malipo. Kampuni ya M-KOPA ilipoingia sokoni Kenya mwaka 2012 iliwauzia watu sola kwa amana na malipo madogo ya kila siku kupitia M-Pesa, na watu walikubali ingawa jumla ilizidi bei ya taslimu. Kugawanya malipo ni thamani yenyewe. Lakini kampuni ile ilikuwa na mtaji na njia ya kuzima kifaa kwa mbali, vitu ambavyo wewe huna. Kwako inafaa kinyume chake: mkulima wa pamba aweke fedha kidogo kidogo kwako kabla, umuandikie kwenye kadi, na achukue mfumo ukikamilika. Fedha hizo zisichanganywe na za duka hata siku moja.

Kuna jambo moja husemwa sana katika mafunzo, kwamba mteja aliyepata tatizo likatatuliwa vizuri huwa mwaminifu kuliko asiyewahi kupata tatizo. Wazo hilo lilipewa jina na watafiti McCollough na Bharadwaj mwaka 1992. Uchambuzi wa mwaka 2007 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kuridhika kunapanda kweli, lakini nia ya kununua tena haikuonekana kupanda. Kwa hiyo mtendee mwalimu haki kwa sababu anastahili na kwa sababu atasimulia, ila usitegemee kwamba utajenga duka kwa kuzima moto. Nguvu yako nyingi iende kwenye zile dakika kumi za karatasi ya matumizi.

Mwisho lithiamu. Ndiyo, ziingize, lakini chache na kwa watu wa kuchagua. Zile za lithiamu fosfeti ya chuma unaweza kuzitumia asilimia 80 au zaidi ya ujazo wake bila kuziumiza, kuishi nusu tupu hakuziui kama za risasi, na uzito wake ni chini ya nusu. Kwa mvuvi anayebeba betri kutoka nyumbani hadi mtumbwini kila jioni, tofauti ya uzito peke yake inatosha kumshawishi. Bei ya kuanzia ni kubwa, na zinahitaji kontrola, kifaa kinachodhibiti chaji kutoka kwenye paneli, yenye mpangilio wa lithiamu. Ukimuuzia mtu betri hiyo aifunge kwenye kontrola yake ya zamani ya betri ya risasi, umejitengenezea malalamiko mapya. Na hazifuti hesabu: mwalimu wako angewekewa lithiamu ya ukubwa uleule na paneli moja ya wati 100, umeme ungeendelea kukata. Agiza mbili, tafuta wavuvi wawili unaowaamini, andika volti za kila wiki kwenye daftari lako, na baada ya miezi mitatu utaamua kwa vipimo vyako mwenyewe kama uagize zaidi.